Siri Hii Nani Anailipia?

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu cha kuzikana, Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini, na wale walio Kampala, Juba na kwingineko.

Mheshimiwa mwenyekiti, wanakamati, wazee wetu, mashehe na wachungaji mliokaa mstari mmoja leo (Mungu awajalie muendelee hivyo hivyo hata baada ya chakula), mama zangu, na nyinyi vijana mliokwepa viti mkaenda kusimama chini ya mwembe: habari za mchana?

Niliombwa nizungumze juu ya umoja wa familia. Nilikubali, lakini nilimwambia katibu mapema: kama mnataka mtu wa kuusifu umoja wa familia basi, mtafuteni mwingine. Mimi nimekaa mahakamani, karani na mkalimani, mpaka nikastaafu. Aliyekaa pale hausifu umoja wa familia kabla hajauliza: umoja wa kufanya nini?

Na mnajua kwa nini nimeitwa mwaka huu. Msinitazame hivyo. Kamati ilipokea ombi la mchango. Halikuwa ombi la jeneza, wala la turubai, wala la gari la kupeleka maiti Nebbi. Lilikuwa ombi la mbuzi na pesa za "kutuliza jambo" katika nyumba fulani. Kamati ikagawanyika. Wapo waliosema, ni mwenzetu, tumchangie. Wapo waliotazama chini. Sitaitaja nyumba hiyo, na yeyote aliyeanza kugeuza shingo kuitafuta aache, maana shingo ikizunguka sana humrudia mwenyewe.

Ndugu zangu, mji wetu huu ni mji wa watu waliotoka mahali. Waacholi mlikuja mkikimbia vita vya kaskazini. Waalur na Walugbara mlifuata ardhi. Wakenya mlikuja baada ya fujo za uchaguzi wa 2007. Watu wa Sudan Kusini na Kongo mko kambini hapo, na sokoni tuko wote. Ndiyo maana nazungumza Kiswahili. Nikishika lugha ya nyumba moja, nusu yenu mtasinzia. Sasa mtu aliyetoka kwao usiku, amebeba nini? Alibeba sufuria, godoro na ndugu zake. Sufuria imetoboka, godoro limeisha, wamebaki ndugu. Ukilazwa hospitali ni nani anayekupikia na kulala sakafuni kando ya kitanda chako? Serikali? Ni ndugu. Ukifungiwa nyumba kwa kodi, ni ndugu. Ukifa, ni ndugu na chama hiki.

Kwa hiyo sijaja kuitukana familia. Nimekuja na swali moja tu, nitalirudia mpaka mlichoke: siri hii nani anailipia?

Niondoe hofu kwanza. Siri si dhambi. Dini zetu zote zinatufundisha kusitiriana, na mtu anayemwaga habari za nyumba yake kwenye kila kijiwe cha boda boda si msema kweli, ana mdomo tu. Nilijua familia moja, si ya hapa, ambayo baba yao aliugua akili. Usiku alikuwa anatoka uchi kwenda barabarani. Watoto wake wakubwa wakawa wanalala mlangoni kwa zamu. Majirani waliambiwa mzee ana presha, anahitaji utulivu. Wakaendelea hivyo miaka mingi. Siri ile nani aliilipia? Wao wenyewe, watu wazima, kwa usingizi wao. Hawakumtuma mtoto akalipe. Hiyo ni stara, na wale watu nawaheshimu mpaka leo.

Sasa chukueni siri ya aina nyingine. Wenye umri wangu mnakumbuka miaka ya 1980, ugonjwa ulipoanza kuonekana kule Rakai, kando ya ziwa, watu wakauita slim, huu tunaouita Ukimwi leo. Kila nyumba ilikuwa na maelezo yake. Huyu amerogwa. Huyu ni kifua. Huyu alimdhulumu mfanyabiashara wa Tanzania, akatumiwa kitu. Ilionekana ndiyo heshima ya familia kusema hivyo. Nani aliilipia heshima hiyo? Mjane alirithiwa na shemeji yake. Shemeji akaugua. Mke wa shemeji, ambaye hakuwahi kuulizwa neno, naye akaugua. Halafu watoto wakabaki na bibi.

Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mume wake kwa ugonjwa huo, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye Ukimwi, pamoja na wenzake. Mwaka 1989 Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki aliyependwa nchi nzima, alirudi kutoka Sweden akasimama mbele ya watu akasema: ninao. Wapo waliodhani anatafuta umaarufu. Alizunguka shuleni na makanisani huku amekonda, na Desemba ya mwaka huo huo akafariki. Je, aliivunjia heshima familia yake? Nawauliza nyinyi mliowazika wajomba na shangazi zenu kwa jina la "kifua": aliivunjia heshima?

Tusogee mbele. Hapa nitakaa kidogo, na mama zangu mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo lilipo lile ombi.

Katika mji mmoja ambao sitautaja kulikuwa na msichana wa darasa la tano. Baba yake alianguka kutoka kwenye lori la mahindi, mgongo ukaharibika, hakufanya kazi tena. Mdogo wake baba, yaani baba mdogo wa msichana, akaibeba nyumba. Karo za watoto wote alilipa yeye. Mabati alinunua yeye. Krismasi nyama ilikuwa yake. Mnaona fundo lilipofungwa? Mtu huyu hakuwa jambazi wa barabarani. Alikuwa ndiye nguzo. Na nguzo hiyo ndiyo iliyokuwa inamharibu mtoto.

Mama alipogundua, hakupiga kelele. Alikwenda kwa mama mkwe wake, kama alivyofundwa. Mama mkwe akamwuliza: unataka kutuvunjia nyumba? Ukoo ukaitwa. Wakakaa Jumamosi, hawakumaliza. Wakakaa tena Jumapili baada ya ibada. Jumatatu mzee mmoja alikuwa hajafika kutoka Lira, wakamsubiri. Jumanne wakaamua: mbuzi wawili, pesa kidogo ya kumwosha mtoto machozi, na msichana apelekwe kwa shangazi yake wilaya nyingine "apumzike". Kule alikwenda kulea watoto wa shangazi. Shule ikaishia hapo.

Niwaulize. Wale mbuzi waliliwa na nani? Walichinjwa siku ile ile. Wazee walikula. Baba aliletewa kitandani, akala. Mwenye kosa naye alikuwepo, akakatiwa kipande chake, akala. Mtoto hakuwepo, alikuwa kwenye basi.

Siri ile nani aliilipia?

Wazee wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi sina ugomvi na wahenga, lakini kinachobakizwa na zimwi ndicho nilichokuwa nakisikia mahakamani kila kikao. Maana jambo lile lilifika mahakamani hatimaye. Lilifika baada ya mdogo wake yule msichana naye kupatwa na yale yale, mwalimu wa kike akashtuka, akaripoti. Wakili akamwuliza mama: kwa nini ulinyamaza mara ya kwanza? Mama akajibu: niliogopa watoto watalala njaa. Mimi ndiye niliyetakiwa kuyahamisha maneno yale kwa jaji, kwa sauti isiyo na upande, kisha nisubiri swali linalofuata.

Na hapa sitaki tumkalie mama yule vikao. Kusema "angeshtaki" ni rahisi kwa mwenye mshahara. Mwanamke anayelima leja leja kwenye mashamba ya watu, ana mume wa kitandani na watoto watano, akimpeleka kituoni mtu anayenunua unga, kesho asubuhi anapika nini? Sisi tuliomzunguka tulimwachia hesabu hiyo aifanye peke yake, na akaifanya.

Sheria mnaijua? Semeni ukweli, hamuijui, mnaijua ya ardhi tu. Mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Tangu marekebisho ya mwaka 2007, kosa hili likitendwa na mzazi au mlezi, au mtoto akiwa chini ya miaka 14, linahesabiwa kuwa zito zaidi, linasikilizwa na Mahakama Kuu, na adhabu yake ya juu kabisa ni kifo. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, hana mamlaka ya kulimaliza. Baraza la ukoo halina. Mama mzazi hana, hata akitia sahihi karatasi mia. Na Sheria ya Watoto inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa viongozi wa eneo lake. Haikusema "ndugu yake". Imesema mtu yeyote katika jamii. Hapo tumo sote tulioketi hapa.

Lakini kuna sheria nyingine isiyotungwa na Bunge. Dawa ya kumkinga mtoto na virusi vya Ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Siku tatu. Hesabuni sasa: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu ya kumsubiri mzee wa Lira, Jumanne. Ukoo ulikuwa bado unapanga rangi ya mbuzi, na muda wa dawa umekwisha pita. Kama mtoto ameumizwa, msimwogeshe kwanza, msifue nguo zake. Apelekwe polisi, itolewe fomu ya PF3A, apimwe na mtu wa afya siku hiyo hiyo. Na kama kituo ni mbali, au afande wa zamu ni shemeji wa mwenye kosa (haya hutokea, tusidanganyane), pigeni 116. Ndiyo simu ya watoto ya taifa, inaitwa Sauti, na haikati pesa.

Vijana kule mwembeni, hiyo namba iandikeni. Nyinyi ndio wenye simu muda wote.

Tuje makaburini, ambako ndiko kazini kwetu sisi wana chama. Mimi nasema hakuna mahali panapofichua nyumba kama mazikoni. Msemaji wa familia anashika karatasi, anasoma: marehemu ameacha mke mmoja na watoto sita. Na pale nyuma, karibu na masufuria, amesimama kijana ambaye hajatajwa, ana paji la uso la marehemu na masikio ya marehemu. Watu wote wanamwona. Watu wote wanakohoa.

Nilihudhuria maziko ya dereva wa lori aliyekuwa akienda Juba. Mwanamke alikuja kutoka Elegu, mpakani, ameshika mkono wa mtoto. Kaka za marehemu wakamzuia barabarani, hata boma hakuingia. Wakamwambia ametumwa na wachawi wa mali. Sasa sikilizeni: wale kaka walikuwa wanamjua. Walikuwa wakifika Elegu wanalala kwake, wanakula kwake, wanamwita shemeji. Na mama mzazi wa marehemu, bibi kikongwe aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, alikuwa akimtumia yule mtoto pesa za madaftari kwa simu. Bibi alinyamaza wakati wa ibada. Alinyamaza wakati wa hotuba za wanasiasa, ambazo mnajua urefu wake. Jeneza lilipoteremka akasimama, akasema: mjukuu wangu yuko barabarani, mleteni atie udongo.

Mnadhani nitamsifu bibi nimalizie hapo? Mjane alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake. Yeye alipata habari siku ile, amevaa nguo za msiba, mbele ya kijiji kizima. Kwa miaka yote ile mume, kaka, mama mkwe, wote walikuwa wanajua isipokuwa yeye. Uaminifu wa familia ulikuwepo, tena mkubwa sana! Ulimzunguka marehemu pande zote. Wawili tu walikuwa nje ya duara: mjane na yule mtoto. Ndio waliolipa.

Na kwa kuwa siri hizi nyingi zinalindwa kwa ajili ya ardhi, niwape hesabu ilivyo. Sheria ya Mirathi ilirekebishwa mwaka 2022. Mtu akifa bila wosia, mke au mume aliyebaki anapata asilimia 20, watoto na uzao wake asilimia 75, ndugu waliokuwa wakimtegemea asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Asilimia moja! Na mnavyoupigania ule mkuki na kile kiti. Mtoto ni mtoto, awe wa ndani ya ndoa au wa nje. Nyumba waliyokuwa wakiishi inabaki kwa mjane na watoto, na kumfukuza mjane humo ni kosa. Kwa hiyo yule kijana anayezuiwa barabarani ana fungu lake, mkimsoma kwenye karatasi au msipomsoma. Mnachofanikiwa kukifanya ni kumlazimisha aje nalo kwa barua ya mahakama, miaka kumi baadaye, mjane akiwa amekwisha kujenga.

Nijibu pia jambo la DNA kabla halijarushwa kutoka mwembeni. Ndiyo, ukweli unapimika siku hizi, maabara ya serikali iko Wandegeya, na wanaume wengi wameshikwa na homa hiyo. Mahakama ikiagiza kwa sababu ya mirathi, sawa. Lakini mwanamume aliyemlea mtoto mpaka akaota meno ya utu uzima, kisha anampeleka akatolewe damu kwa sababu amegombana na mama yake, ananikera. Swali langu ni lile lile, na hapo pia linafanya kazi. Siri ikifukuliwa, nani atalipa? Kama atakayelipa ni mtoto wa miaka tisa aliyekuita baba jana, kaa nayo. Wewe ni mtu mzima, ilipie wewe. Najua wapo hapa wasiokubaliana nami, na mmoja wao nimezaliwa naye tumbo moja.

Mtasema, mama, hizo ni nyumba moja moja. Mji mzima hauwezi kushika siri.

Unaweza. Kanungu, kusini-magharibi kule, Ijumaa tarehe 17 Machi 2000. Jengo la ibada la kundi la dini lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu lilipigwa misumari madirisha na milango, likawaka moto na watu ndani. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Nchi ikadhani ni wale tu. Siku zilizofuata polisi wakaanza kuchimba kwingine, nyumba zilizokuwa za viongozi wa kundi lile, na mashimo yakatoa maiti. Huko Rugazi, nyumbani kwa Dominic Kataribaabo, padre wa zamani aliyesoma mpaka Marekani, walizikwa uani na chini ya sakafu ya nyumba. Jumla ikapita mia saba.

Watu wale hawakutoka mwezini. Walikuwa dada za watu, wajomba za watu. Waliuza mashamba kwa bei ya kutupa, na mnunuzi alikuwa jirani aliyefurahia bei. Waliingia wakaacha kuzungumza, wakawa wanaelekezana kwa ishara. Jamaa waliokwenda kuwaona walirudi wakasema, wamempata Mungu. Kundi lilikuwa na usajili halali. Uwanja wenyewe ulikuwa wa familia ya Credonia Mwerinde, mmoja wa viongozi. Nani angeingia kwenye boma la mwenye boma aulize mbona hapa watoto hawaendi shule? Ni jambo la familia. Ni jambo la dini. Ni watu wazima. Mimi maneno haya matatu nayaogopa kuliko panga.

Lakini ndani ya habari ile ile kuna nyumba nyingine, na hii huwa haisimuliwi. Joseph Kibwetere, ambaye jina lake lilivuma zaidi, alikuwa na mke na watoto kule Ntungamo. Kundi lilianza kukaa nyumbani kwake. Mke aliishi nao, akayaona mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 familia ikachoka, ikawatoa, na baba mwenye nyumba akaondoka nao. Fikirini mnavyomsema mwanamke wa namna hiyo hapa Bweyale. Amemfukuza mume! Amewachochea watoto wamkatae baba yao! Mwaka 2000 waandishi wa habari walipofika kumwuliza juu ya mumewe, walimkuta hai.

Kibwetere na Mwerinde polisi walitoa hati za kuwakamata, na mpaka leo hawajawahi kufikishwa mahakamani.

Sasa wazee wa Kiacholi, naomba ruhusa yenu niseme jambo lenu, na nikikosea mzee wangu pale mbele anikate. Mtu wa ukoo mmoja akimwua mtu wa ukoo mwingine, mlikuwa hamfichi na mlikuwa hamkimbilii kisasi. Koo mbili zinatengana: hawali pamoja, hawanywi pamoja, hawaoani. Wazee wanakwenda na kurudi, inaweza kuchukua miaka, mpaka aliyeua aseme alichofanya. Hapo ndipo ukoo wake unaanza kulipa. Ukoo, si yeye peke yake! Kila nyumba inatoa, hata nyumba ambayo haikujua ugomvi ulianza vipi. Kisha siku inafika, kondoo wa upande mmoja na mbuzi wa upande wa pili wanakatwa, nusu zinabadilishwa, na wawakilishi wa pande mbili wanapiga magoti, mikono nyuma, wanakunywa pamoja kutoka kibuyu kimoja ile dawa chungu ya mzizi wa mti wa oput. Mato oput.

Nimekosea? Mzee anatikisa kichwa kwamba nimepatia. Asante, mzee.

Najua mato oput ni ya damu iliyomwagika kati ya koo, si ya mtoto aliyeharibiwa ndani ya nyumba, na sitaki mtu atoke hapa akanitumia kuhalalisha wale mbuzi wake wawili. Ninachowaonyesha ni mpangilio. Kule kusema kunatangulia, mbuzi anafuata. Katika lile ombi lililoletwa kwenye kamati yetu, mbuzi anatangulia ili kusema kusifuate kabisa. Na kule ukoo mzima unajipunguzia mifugo ili ukweli ukae. Hapa tunaombwa tujipunguzie pesa ili ukweli uondoke.

Kwa hiyo, mwenyekiti, sikuja na mahubiri, nimekuja na hoja, na katibu naomba uiandike jinsi ninavyoisema. Katika katiba yetu, kipengele cha misaada, liongezwe kwamba chama hiki hakitatoa senti wala mbuzi kwa ajili ya kumaliza nyumbani kosa lolote alilotendewa mtoto, hata mwenye kosa akiwa mwanachama, hata akiwa kwenye kamati. Na iongezwe kwamba nyumba iliyopoteza anayeilisha kwa sababu mtu wa nyumba hiyo amesema ukweli, chama kitaihesabu kama nyumba iliyofiwa. Ipate unga, ipate maharage, ipate karo ya muhula, ipate mtu wa kufuatana na mama mpaka kituoni na mpaka mahakamani, maana kesi hizi huahirishwa na nauli ya Masindi si ndogo. Muda ule ule tunaoipa nyumba ya msiba, na fungu lile lile.

Namwona mweka hazina ameinua kalamu. Atasema pesa haitoshi. Daftari nimeliona, ndugu yangu, na ni kweli halijashiba. Lakini lile ombi la kutuliza jambo lilipoletwa, kabla kamati haijagawanyika, swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa mbuzi watanunuliwa soko gani. Hakuna aliyeuliza kama pesa ipo.

Naomba kura ipigwe sasa, kabla ya chakula, kwa sababu baada ya pilau watu hawa watakubali chochote na kesho watakikana. Wanaounga mkono wasimame ili waonekane. Anayepinga, kipaza sauti hiki hapa, aje aseme jina lake na sababu yake.